Kwa Nini Wengine Hukataa

Sisi tuliolelewa katika nchi hizi tumefunzwa methali mbili tangu utotoni. Ya kwanza, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ya pili, "Wengi wape." Wala si mafunzo mabaya. Shule ya bweni yenye vijana mia kadhaa haiwezi kwenda hata siku mbili ikiwa kila mtu atapiga kengele yake mwenyewe. Lakini, wasomaji wenzangu, huja siku ambayo mkuu anaamuru ubaya, na wengi wanaufuata, na mtu mmoja au wawili wanasema hapana. Watu hao ni wa namna gani? Wamezaliwa hivyo, ama wamefunzwa? Likizo iliyopita nilisoma habari hizi kadiri nilivyoweza, nami nataka kueleza niliyoyapata, maana naona wengi wetu tunalifikiri jambo hili vibaya. Twadhani anayekataa ni mtu mwenye moyo wa simba, asiyeona hofu. Sivyo.

Nianze na bwana mmoja wa elimu ya nafsi, Solomon Asch, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1907 akakulia Marekani. Katika miaka ya 1950 aliwaita vijana wa vyuo, akawakalisha mezani watu saba hivi mpaka tisa, akawaonyesha kadi mbili. Katika kadi moja umechorwa mstari mmoja, katika ya pili mistari mitatu. Kazi ni kusema upi katika ile mitatu ulio sawa na ule mmoja. Kazi ya mtoto! Mtu akiwa peke yake hakosei hata mara moja katika mia. Lakini pale mezani wote walikuwa wamepatana na Asch kwa siri, isipokuwa kijana mmoja tu, naye aliwekwa karibu na mwisho wa safu. Mistari ilionyeshwa mara 18, na katika mara 12 wenzake wote walitaja jibu la uongo, kwa sauti, bila kucheka. Basi yule maskini afanye nini? Macho yake yasema hivi, na watu saba wasema vile.

Theluthi hivi ya majibu yalifuata uongo wa wengi. Hilo ndilo watu wanalolikumbuka. Mimi lililonivuta zaidi ni hili: robo hivi ya vijana wale hawakuyumba hata mara moja. Asch alipowahoji aliona kwamba hawakufanana. Wako waliojiamini kweli. Wako walioinamisha kichwa, wakatoa jibu lao bila kuwatazama wenzao. Na wako waliokuwa wamejaa shaka, wakidhani huenda wao ndio wenye kosa, walakini wakaona kazi waliyopewa ni kusema wanachokiona, si kusema wanachokiona wengine. Hawa wa mwisho ndio ninaowastahi kuliko wote. Walitetemeka na kukataa kwa pamoja.

Kisha Asch akabadili jambo moja. Akamweka mtu mmoja mwingine pale mezani aliyesema kweli. Mmoja tu. Majibu ya kufuata uongo yakapungua mpaka robo ya yalivyokuwa. Tena sikilizeni hili, maana ni kama habari za bweni. Mwenzi yule alipogeuka katikati ya kazi akajiunga na wengi, kijana alianguka vibaya, karibu kama mtu ambaye hakuwa na mwenzi kamwe. Lakini mwenzi alipotoka tu chumbani kwa kisingizio cha kuitwa kwingine, nguvu aliyoiacha haikwisha yote. Kijana alizidi kukosea, ila si sana. Rafiki aliyeondoka si sawa na rafiki aliyekugeuka.

Sasa nije kwenye mamlaka. Mwaka 1961 Stanley Milgram, katika Chuo Kikuu cha Yale, aliwaita watu wa kawaida wa mji wa New Haven kwa tangazo, akisema ni utafiti wa kumbukumbu. Mtu alikalishwa mbele ya mashine yenye swichi 30, ya kwanza volti 15 na ya mwisho volti 450, akaambiwa ampige umeme mwenzake aliye chumba cha pili kila anapokosea jibu, na kila mara aongeze. Kwa kweli umeme haukumfikia mtu. Yule wa chumba cha pili alikuwa ameagizwa kujifanya. Katika watu 40 wa mara ya kwanza, 26 walifika mwisho. Wapo wataalamu waliosikiliza baadaye kanda za kazi ile wakasema baadhi ya watu walihisi ni mchezo, na huenda ni kweli. Hata hivyo wengi walitokwa na jasho na kuuma midomo, na mtu hatoki jasho kwa mchezo.

Hapa pana jambo ambalo sisi wanafunzi tunapaswa kulijua. Wengi katika wale 26 walilalamika. Walisema si vizuri, wakauliza kama mtu yule yu mzima, wakataka aangaliwe. Kisha wakabonyeza swichi. Nasi bwenini twajua kunung'unika kuliko watu wote wa Uganda, juu ya posho, juu ya maharagwe, juu ya viranja, na asubuhi twafanya vilevile tulivyoambiwa. Kunung'unika na kukataa ni vitu viwili, na la kwanza mara nyingi humpumzisha mtu asilifikie la pili.

Milgram naye alibadili mambo, na namba zake zaeleza kuliko maneno. Mkubwa alipotoa amri kwa simu badala ya kukaa chumbani, waliofika mwisho walikuwa sehemu moja hivi katika tano. Mtu alipolazimika kuushika mkono wa mwenzake na kuuweka juu ya bati, walifika mwisho 12 katika 40. Na walipowekwa wasaidizi wawili waliosimama na kukataa mbele yake, wakatii mpaka mwisho 4 tu katika 40. Watu ni walewale, wa mji uleule. Kilichobadilika ni umbali wa mkubwa, ukaribu wa anayeumizwa, na kuwapo kwa mwenzi.

Nililiona hili kwa macho yangu katika shule niliyosoma kabla ya kuja hapa. Nilikuwa kitandani, kitanda cha juu, na malaria. Usiku ule kiranja mmoja aliamuru kijana mgeni apigwe ndapisi na kila mtu wa bweni, kwa kuwa sukari ilikuwa imepotea. Wakajipanga. Wa kwanza akapiga, wa pili akapiga. Wa tatu alikuwa kijana mwenye kigugumizi, ambaye hakuna aliyemdhania lolote. Akaishika ile ndapisi, akaiweka chini, akasema, "Mimi si-sikumwona akiiba." Basi. Hakutoa hotuba. Wa nne akarudi kitandani kwake, na wa tano, na safu ikavunjika, kiranja akabaki akitukana hewa. Baadaye nilimwuliza yule wa tatu alipata wapi ushujaa. Akaniambia kaka yake aliwahi kupigwa sokoni kwa wizi wa mtu mwingine, naye alikuwa amesimama pale akitazama. Alikuwa amekwisha kulijibu swali lile zamani, kabla hatujaulizwa sisi.

Jambo hilo la kujibu mapema nililikuta tena katika habari za jirani zetu. Nyange ni mahali magharibi mwa Rwanda. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kanisa la parokia ya Nyange lilibomolewa kwa tingatinga hali watu wengi waliokimbilia humo wakiwa ndani. Walikuwapo walioamuru na walikuwapo waliotii. Miaka mitatu haijatimia, tarehe 18 Machi 1997, usiku, wanafunzi wa shule ya sekondari ya hapohapo Nyange walikuwa wakijisomea madarasani. Wakaingia watu wenye silaha, wakawaamuru wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wakakataa. Walijibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Sita waliuawa usiku ule na wengine wakajeruhiwa. Leo wanafunzi wa Nyange wamo katika daraja la mashujaa wa taifa liitwalo Imena, na Rwanda huwakumbuka kila tarehe 1 Februari. Basi anayesema utii au ukaidi ni wa damu, au wa kabila, atueleze Nyange ya 1994 na Nyange ya 1997.

Wiki sita baadaye, tarehe 30 Aprili 1997, jambo kama hilo lilitokea kusini mwa Burundi, katika seminari ndogo ya Buta. Waasi waliingia alfajiri, wakawaambia wavulana wajitenge, nao wakakataa. Vijana 40 waliuawa. Mkuu wao, Padre Zacharie Bukuru, hakuwa amengoja siku hiyo ifike. Tangu vita ya 1993 aliwaacha vijana wake waseme waziwazi juu ya ukabila, hata maneno machungu, nao waliendelea kulala bweni moja, kucheza na kusali pamoja. Na katika Kenya, tarehe 21 Desemba 2015, basi la Mandera liliposimamishwa na Al-Shabaab, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Walikuwa wamewapa wanawake wa Kikristo mitandio yao. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Abiria wale walijua yaliyotukia Novemba 2014, wakati watu 28 walipotengwa na kuuawa katika basi la njia ileile.

Je, malezi? Samuel Oliner, Myahudi ambaye mama mmoja wa Kipolandi alimsaidia kujificha akiwa mtoto, aliwahoji pamoja na mkewe Pearl mamia ya watu waliowaficha Wayahudi wakati wa vita ya Hitler; kitabu chao kilitoka mwaka 1988. Waliona kwamba wazazi wa watu hao walikuwa wakieleza sababu ya jambo kuliko kupiga fimbo. Tena wengi hawakuanza wenyewe. Mtu aligonga mlango, akaomba, nao wakashindwa kumfukuza.

Msidhani, lakini, kwamba kila mkaidi yumo katika hesabu hii. Tunaye darasani ndugu mmoja ambaye tukisema nyeupe yeye husema nyeusi, tukigeuka naye hugeuka. Huyo anaongozwa na wengi sawasawa na sisi, ila kinyumenyume.

Wala si lazima kukataa kwa kelele. Katika kijiji cha Musamo, wilaya ya Ruhango nchini Rwanda, aliishi mama mmoja mganga, Zura Karuhimbi. Mwenyewe alisimulia kwamba katika machafuko ya 1959 mama yake aliwaficha watu nyumbani mwao. Mwaka 1994 naye akawaficha watu zaidi ya 100, chini ya vitanda, juu ya dari, katika shimo shambani. Wauaji walipokuja hakuwapinga kwa hoja. Alijipaka majani yanayowasha, akaipaka na nyumba, akatikisa bangili zake, akawaambia mizimu itawashukia wakiingia. Wale vijana wenye mapanga, waliotii amri za wakubwa bila kuuliza, walimtii na yeye, wakarudi nyuma.