Kombe wa Tumaco: akina mama huokota, ng'ambo hupanga bei

Maji yanapokupwa katika pwani ya Pasifiki ya Kolombia, wanawake wenye asili ya Afrika hupanda mitumbwi na kuingia mikokoni. Huinama kati ya mizizi na kuzamisha mikono topeni wakitafuta kombe waitwao piangua. Hufukiza moshi kufukuza mbu, na humo topeni wamo samaki wenye miiba ya sumu. Katika vijiji vingi karibu na mji wa Tumaco, kazi hii ya mama na binti ndiyo inayoendesha nyumba.

Walaji wakubwa wa kombe hao wako ng'ambo ya mpaka, nchini Ekwado. Kati ya muokotaji na soko hilo kuna wachuuzi wanaokusanya mzigo kijiji kwa kijiji. Kolombia hutumia peso. Ekwado imetumia dola ya Marekani tangu 2000. Anayejua bei ya ng'ambo na thamani ya dola siku hiyo ndiye mwenye kauli.

Vipimo navyo vinapishana. Kolombia inakataza kuokota kombe aliye chini ya sentimita 5. Ekwado inaruhusu kuanzia sentimita 4.5. Hivyo kombe anayepaswa kurudishwa topeni upande mmoja ni bidhaa halali upande wa pili. Mchuuzi akikubali wadogo, mama anayefuata sheria ndiye anayerudi na kapu jepesi.

Hapo ndipo uongozi wa kijiji unapohitajika. Sheria Na. 70 ya 1993 iliwapa Wakolombia weusi wa vijijini hatimiliki za pamoja za ardhi, ambayo haiuzwi wala haikamatwi kwa deni. Kila eneo husimamiwa na baraza la jamii lenye mkutano mkuu na halmashauri. Baraza linaweza kuweka kanuni za kutumia maliasili, ikiwemo kupumzisha sehemu za mikoko ili kombe wakue. Kanuni ya namna hiyo haishiki ikipangwa bila wanawake wanaoingia topeni.

Lakini mamlaka ya baraza hukoma mpakani. Wafanyabiashara wa Horohoro na Lunga Lunga wanalijua jambo hilo: vipimo vikitofautiana, anayenufaika ni mwenye gari na simu, na hasara humwangukia aliyeinama kuokota. Kipimo kimoja kwa pande zote mbili kingemlinda kombe, na kapu la mama pia.