Vikwembe vya mtoto mchanga: Mboko inahitaji vya aina gani?

Mama wa Mboko akikaribia kujifungua, kifurushi chake cha materniti huwa na vikwembe vichache vya pamba, vizuri zaidi vikiwa vya zamani, vilivyofuliwa mpaka vikalainika. Mwenye fedha kidogo huongeza blanketi nene la manyoya lililoletwa na wachuuzi wa njia ya Uvira na Baraka. Fedha zikiwa za kitu kimoja tu, liache blanketi, ongeza vikwembe.

Mboko iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika teritwari ya Fizi huku Kongo, mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na mchana wake ni wa jasho. Minembwe, kule juu milimani katika Fizi hiihii, iko zaidi ya mita 2,000, na usiku baridi yake hupenya hadi kwenye mifupa. Familia nyingi zimeteremka kutoka huko kwa sababu ya vita, zikaja ziwani na desturi zao za kumfunika mtoto. Desturi hizo zilikuwa na akili mahali pake. Huku chini zinahitaji kupunguzwa, isipokuwa katika saa moja: saa ya kuzaliwa.

Saa hiyo, hata hapa kwenye joto, mtoto anaweza kupoa haraka. Ametoka amelowa, na maji yanapokauka mwilini yanaondoka na joto lake. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito, na hawezi kutetemeka kama mtu mzima ili ajipashe moto. Anachoma mafuta maalumu yaliyo katikati ya mabega, shingoni na kando ya figo. Aliyezaliwa kabla ya wakati, yaani njiti, ana mafuta hayo kidogo sana. Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kwa hiyo kikwembe cha kwanza ni cha kumfutia, kisha kinawekwa pembeni kwa kuwa kimelowa. Cha pili, kikavu, kinamfunika mgongoni akiwa amelala uchi juu ya kifua cha mama yake, na kofia kichwani. Kumwogesha kunangoja saa 24, ndivyo linavyoshauri Shirika la Afya Duniani, hata kama mama mkwe ameshachemsha maji.

Kifua hicho cha mama ni dawa iliyopimwa. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey wa Bogotá, Kolombia, aliyekuwa na uhaba wa mashine za kutunzia njiti, alianza kuwafunga watoto kwenye vifua vya mama zao. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, ulionyesha kwamba kuanza hivyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo hivi. Kwa njiti, basi, kazi ya kikwembe ni kumshikilia kwa mama, usiku na mchana.

Mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia na mwenye afya akishafika nyumbani, hatari inageuka kuwa ya joto. Kisio zuri ni kumpa nguo moja zaidi ya ile inayokutosha wewe, wala si tatu. Usimpime kwa vidole vyake, maana mikono ya mchanga hupoa bila sababu. Gusa kifua au kisogo. Pakiwa na jasho, punguza nguo, na ndani ya nyumba umvue kofia. Aliyefunikwa kupita kiasi anaweza kupanda joto ukadhani ana homa. Mfungue, upime tena baada ya nusu saa. Likibaki 37.5 au zaidi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Akikataa ziwa, akipumua mbio au akilegea, hiyo nusu saa usiingoje.

Kuhusu kumkaza, wapo wazee wanaonyoosha miguu ya mtoto na kuifunga pamoja ili isije ikapinda. Hapo sikubaliani nao. Miguu ya mchanga imekunjwa kwa maumbile, na kuilazimisha inyooke kunaweza kukitoa kichwa cha mfupa wa paja mahali pake kwenye nyonga. Kifua pia kisibanwe: vidole viwili vya mama vipite chini ya nguo, na upande wa chini nguo ibaki legevu, magoti yapanuke. Mbeleko yetu inafanya vizuri zaidi, kwa kuwa mgongoni mtoto anakaa ametanua mapaja. Madaktari wa mifupa wa Malawi walipopitia watoto zaidi ya 40,000 waliohudumiwa kwa miaka 10, hawakukuta mchanga hata mmoja aliyeletwa kwa nyonga ya namna hiyo, na walidhani mgongo wa mama unachangia.

Akilala, alazwe chali, uso wazi. Mbu wazuiwe na chandarua, si kwa kumfunika kichwa. Akianza kujaribu kujigeuza, wengine kwenye miezi miwili tu, kumviringisha kuishe, kwani akipinduka kifudifudi mikono ikiwa imefungwa hawezi kujinusuru.

Limebaki la kufua. Katika nchi zetu yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Yakianguliwa, funza wake wanaingia kwenye ngozi ya anayeivaa. Anika vikwembe kwenye kamba, juani, mpaka vikauke kabisa, kisha upige pasi ya makaa pande zote mbili, mishono na pindo pia, hasa miezi ya mvua nguo zinaposhinda zimening'inia barazani. Ukiona kijipu chenye kitundu kidogo katikati, usikikamue, kwa kuwa funza akipasukia ndani kidonda huvimba. Pakaza vazelini nzito, mdudu akose hewa na kujitokeza, au muuguzi amtoe.