Mvua ya Mawe: Kwa Nini Barafu Huanguka Wakati wa Joto?

Mwezi wa Julai wakazi wa Nsemulwa, katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, hujifunika mablanketi mazito. Usiku huwa wa baridi na anga huwa safi. Hata hivyo, katika miezi hiyo ya kipupwe hakuna barafu inayoanguka. Barafu huja katika msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, tena mara nyingi baada ya mchana wa joto kali. Huitwa mvua ya mawe. Je, yawezekanaje joto likazaa barafu?

Baridi peke yake haitoshi

Ili barafu ianguke kutoka angani, pahitajika unyevu wa kutosha, hewa inayopanda juu, na tabaka la anga lenye baridi chini ya nyuzi 0 za Sentigredi. Wakati wa kipupwe, pepo zinazovuma kutoka kusini-mashariki hufika Katavi zikiwa kavu. Kwa kuwa hakuna mawingu, ardhi hupoteza joto lake upesi usiku, na ndipo watu huhisi baridi. Lakini mahali pasipo na wingu, hapana kitu cha kuanguka.

Barafu ya angani ina aina mbalimbali. Theluji ni fuwele zinazojengeka kutokana na mvuke ndani ya wingu lenye baridi. Hapa Tanzania huonekana juu ya Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895. Katika nchi za Ulaya, wakati wa majira ya baridi, matone ya mvua huweza kupita katika hewa baridi iliyo karibu na ardhi, yakaganda kabla ya kutua, au yakaganda mara yanapogusa barabara na nyaya. Hewa ya namna hiyo haipatikani Mpanda. Nayo sakitu, inayoonekana asubuhi katika nyanda za Kitulo na Njombe, haianguki kamwe: ni mvuke unaogandia juu ya majani palepale. Kwa hiyo, kwa mkazi wa Katavi, barafu inayostahili kuhofiwa ni mvua ya mawe.

Safari ya jiwe

Jua linapopasha ardhi iliyoloa, hewa yenye mvuke hupanda kwa nguvu na kujenga wingu kubwa la radi, ambalo wataalamu huliita kumulonimbasi. Kilele chake huweza kuvuka kilomita 15. Katika nchi za tropiki, kiwango cha nyuzi 0 hupatikana kwenye kimo cha mita 4,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Juu ya hapo matone mengi hubaki maji ingawa yamepoa kupita kiasi cha kuganda. Yanapogusa chembe ya barafu, hugandia juu yake. Upepo unaopanda huishikilia chembe hiyo, nayo hunenepa tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito wake uushinde upepo.

Mpanda iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi. Basi jiwe lina safari ya mita 3,700 katika hewa isiyogandisha. Jiwe lenye kipenyo cha sentimita 1 huanguka kwa mwendo wa mita 10 hivi kwa sekunde. Litatumia dakika 6 na kuyeyuka sehemu kubwa. Punje ndogo zaidi hufika zikiwa maji matupu. Lakini jiwe la sentimita 5, lenye mwendo wa mita 30 hivi kwa sekunde, hutua kwa dakika 2 tu. Ndiyo maana nchi za juu hupigwa zaidi. Kericho, nchini Kenya, yenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, imewahi kupata siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja.

Hata hivyo, mwinuko mdogo si kinga. Mwanzoni mwa Machi 2015, dhoruba ya upepo, mvua na mawe ilikipiga kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, mahali ambapo mwinuko wake unakaribiana na ule wa Mpanda. Watu wasiopungua 38 walipoteza maisha, wengi wao wakiangukiwa na kuta za nyumba. Kwa mkulima wa tumbaku, hata mawe madogo huweza kuchana majani na kuharibu jasho la msimu mzima kwa dakika chache.

Utabiri na mipaka yake

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu na wa kila siku, pamoja na tahadhari. Utabiri huo waweza kueleza kwamba mkoa fulani utapata mvua za radi. Lakini hauwezi kutaja wiki moja kabla kwamba mawe yataangukia kata ya Nsemulwa, kwa sababu wingu la mawe huishi kwa muda mfupi na huacha njia nyembamba, pengine ya kilomita chache tu. Rada huweza kulitambua likiwa tayari limejengeka.

Kwa hiyo, saa ya mwisho ya utabiri iko mikononi mwa wananchi wenyewe. Wingu refu lenye kitako cheusi, ngurumo zinazosogea na upepo baridi wa ghafla ni dalili za kuondoka shambani, kuepuka miti, na kuingia katika jengo imara.

Zoezi kwa wanafunzi

Dhoruba ikishakwisha kabisa, okoteni mawe machache. Pimeni kipenyo, kateni jiwe moja kwa kisu, kisha hesabuni tabaka zake. Tabaka jeupe liliganda upesi na kufungia viputo vya hewa. Lililo angavu liliganda polepole. Andikeni tarehe, saa na mahali. Daftari la shule likitunzwa miaka mingi, litaeleza ni miezi gani na mitaa ipi hupigwa mara kwa mara, habari zitakazowafaa wajenzi na wakulima wa mji huo.