Toleo la Pili Likinukia, Nani Analipa?

Mwenye duka la ala za muziki ana hofu moja isiyoonekana kwenye daftari la mali: siku kampuni itakapotangaza toleo la pili la mashine ya midundo ambayo bado imejaa stoo kwake. Siku hiyohiyo ile ya kwanza inaanza kuitwa ya zamani, na kila anayeiulizia anataka apunguziwe.

Tetesi peke yake hutosha kuleta hasara hiyo. Kwa kawaida Januari kuna maonyesho ya NAMM kule Anaheim, California, na Mei kuna Superbooth jijini Berlin. Tarehe hizo zikikaribia, wanunuzi hukaza mikono wakisubiri kuona kitakachotolewa. Kampuni nazo zimejifunza kufunga mdomo mpaka mzigo uwe tayari kusafirishwa. Somo lilitoka kwenye biashara ya kompyuta: mwaka 1983 kampuni ya Osborne ya Marekani ilianza kuzungumzia mashine yake ijayo mapema mno, oda za ile iliyokuwa sokoni zikakauka, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema Osborne ilikuwa na maradhi mengine pia, na wana hoja, lakini kisa hicho ndicho mameneja wa mauzo wanachosimuliana mpaka leo.

Kwenye midundo yenyewe, anayefaa kutazamwa ni Roger Linn. Mwaka 1980 Mmarekani huyu alitoa LM-1, mashine ya kwanza ya kuuzwa iliyopiga sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa kidijitali, kwa takriban dola 5,000. Miaka miwili baadaye akaleta LinnDrum kwa dola 2,995, na LM-1 ikaisha habari yake. Kampuni yake ilifungwa mwaka 1986. Miaka ya 2000 akatangaza kwamba LinnDrum II inakuja, akishirikiana na mtengenezaji mwenzake Dave Smith. Watu wakasubiri, wakasubiri tena. Kilichotoka mwaka 2011 kiliitwa Tempest, na hakikuwa LinnDrum kwa jina wala kwa umbo. Ni mashine nzuri, ila mtu aliyekuwa amejiwekea fedha akiisubiri LinnDrum alikuwa amekaa miaka kadhaa bila chombo.

Tatizo ni kwamba hesabu za simu za mkononi hazifanyi kazi hapa. Simu ya miaka kumi iliyopita imeshakataliwa na programu za benki, kwa hiyo mwenyewe atanunua mpya apende asipende. Mashine ya midundo ya mwaka 1983 bado inapiga, na ikisharekodiwa hakuna msikilizaji anayeuliza umri wake. Ndiyo maana mpinzani mkali wa toleo jipya mara nyingi si kampuni jirani. Ni toleo la zamani la kampuni yenyewe, linalouzwa mkononi na mtu ambaye hailipi kampuni hata senti.

Roland ya Japani imeishi na mpinzani huyo kwa miaka arobaini. TR-808 ilitoka mwaka 1980 kwa dola 1,195, ikasitishwa mwaka 1983 baada ya kutengenezwa takriban mashine 12,000. Ukiiweka kando ya LM-1, sauti yake ilionekana ya bandia, na wapiga muziki wenye fedha hawakuitaka. Iliposhuka bei kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, ikaangukia mikononi mwa vijana wa hip hop wa New York na wa tekno wa Detroit. Ndugu yake TR-909, ya mwaka 1983, ilipata bahati hiyohiyo Chicago na Detroit. Ile ngoma nzito ya besi inayotikisa vioo vya daladala leo ni kizazi cha 808, hata kama aliyeipanga hajawahi kuiona mashine yenyewe. Mashine halisi sasa huuzwa kwa maelfu ya dola, na katika mauziano hayo Roland haipati kitu.

Kwa muda mrefu wateja walitaka jambo moja: zirudishwe zilezile, zenye mizunguko ya analogi. Roland ikajibu kwa njia yake. TR-8 ya mwaka 2014 na TR-8S ya mwaka 2018 zinaiga sauti hizo kwa dijitali, na zinaiga vizuri. Mimi binafsi nisingeweza kuzitofautisha zikiwa ndani ya wimbo uliokamilika. Soko halikuridhika. Mwaka 2019 Behringer, yenye kiwanda kikubwa mjini Zhongshan, China, ikaingiza RD-8, mwigo wa 808 wa analogi kwa takriban dola 350. Mizunguko ya miaka arobaini haina tena hataza ya kuilinda, na Behringer imejenga biashara nzima juu ya ukweli huo. Ukiwaacha wateja wako wakisubiri mno, kuna mtu atawahudumia.

Oktoba 2025 ndipo Roland ilipotoa TR-1000, yenye mizunguko ya analogi ya 808 na 909 pamoja na injini za dijitali ndani ya sanduku moja. Bei yake dola 2,699. Malalamiko kuhusu bei yalikuwa mengi, lakini tukumbuke kwamba dola 1,195 za mwaka 1980, ukihesabu mfumuko wa bei wa Marekani, ni zaidi ya dola 4,000 za sasa. Yaani ile ya kwanza iliuzwa ghali kuliko hii. Ulaghai wa kumbukumbu ni kwamba tunailinganisha mashine mpya na bei ya mtumba ya wale vijana wa Detroit.

Wengi hudhani toleo jipya linakuja pale wahandisi wanapopata wazo jipya. Mara nyingi linakuja, au linakwama, kwa sababu ya vipuri. Mwanzilishi wa Roland, Ikutaro Kakehashi, alisimulia kwamba 808 ilitegemea transista zenye kasoro, zilizokataliwa na watengenezaji wake, kwa kuwa mchakacho wake ndio uliotoa ile sauti. Viwanda vilipoboresha kazi, kasoro zikaadimika. Mashine ikafa kwa sababu mali mbovu ilikuwa imekwisha sokoni.

SP-1200 ya kampuni ya E-mu inaonyesha hesabu hiyo vizuri zaidi. Ilitoka mwaka 1987 ikiwa na nafasi ya kurekodi sekunde 10 tu kwa jumla. Maprodyuza wa New York wakabuni ujanja: sahani ya santuri ya mizunguko 33 kwa dakika waliichezesha kwa mizunguko 45, wakarekodi kipande kikiwa kinakimbia, kisha wakakipunguza mwendo ndani ya mashine. Hivyo kipande kilikula nafasi ndogo, na kikitoka kilikuwa na ukwaruzo ambao ukageuka kuwa sauti yenyewe ya hip hop ya enzi ile. Mwishoni mwa miaka ya 1990 utengenezaji ulisimama, kwa kuwa chipu za kichujio za SSM zilikuwa hazipatikani tena. Mwaka 2017 ikatoka chipu mpya ya namna ileile, SSI2144, iliyosanifiwa na Dave Rossum, mmoja wa waanzilishi wa E-mu. Mwaka 2021 kampuni yake ya sasa ikairudisha SP-1200 sokoni kwa dola 3,999.

Na aliboresha nini? Sekunde 10 zikawa 20. Hifadhi ya kidijitali siku hizi ni bei ya karanga, angeweza kuweka saa nzima. Hakuweka. Anayelipa karibu dola 4,000 kwa mashine ya mwaka 1987 ananunua kikwazo, na ukimwondolea kikwazo umemwondolea sababu ya kununua. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa kibiashara ulio makini kuliko yote katika tasnia hii.

Elektron ya Gothenburg, Uswidi, ilienda njia nyingine. Digitakt yake ya mwaka 2017 ilikuwa na mistari minane ya sauti, yote ya mono. Digitakt II ya mwaka 2024 ina mistari 16 na inapiga stirio, huku ukubwa wa sanduku na mpangilio wa vitufe ukibaki karibu uleule, ili vidole vya mteja wa zamani visilazimike kujifunza upya. Hapo kikwazo hakikuwa na mashabiki wa kutosha kukitetea.

Mara nyingine kinacholazimisha mabadiliko ni ajali. Oktoba 2020 moto uliteketeza kiwanda cha chipu cha Asahi Kasei kule Nobeoka, Japani. Chipu zake za kugeuza sauti kuwa dijitali na kuirudisha zilikuwa ndani ya vifaa vya kampuni nyingi, na watengenezaji walilazimika kuchora upya bodi zao ili zipokee chipu za watu wengine. Mteja anaona tangazo la kuvutia. Nyuma yake kuna mhandisi aliyekosa chipu.

Ipo pia njia ya kutotoa mashine mpya kabisa. Akai iliwapa wenye mashine zake za MPC zinazojitegemea bila kompyuta, zikiwemo za tangu mwaka 2017, programu endeshi mpya ya MPC3 bila malipo. Mteja akaamka na mashine yenye uwezo ambao hakuununua. Alesis, iliyo chini ya mmiliki mmoja na Akai, haikujisumbua hata kwa hilo: SR-16 yake ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na iliendelea kuuzwa mpya zaidi ya miaka 30 baadaye, ikiwa karibu vilevile. Mwanamuziki wa baa anayehitaji ngoma za kumsindikiza haulizi zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki msubirio huu unawahusu wachache. Biti nyingi za Bongo Fleva na singeli hupangwa kwenye kompyuta, programu ya FL Studio ikiwa ndiyo jembe la kila siku, na prodyuza hununua kompyuta kabla ya chombo kingine chochote. Anayetaka TR-1000 Dar es Salaam aanze na VAT ya asilimia 18, ambayo kwa bei ya dukani tu ni karibu dola 486, kabla hajagusa ushuru wa forodha na nauli. Ndiyo maana wapo wanaopendelea za mtumba kutoka Japani. Hapo nako kuna mtego: umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230, na mashine nyingi za miaka ya 1980 zina transfoma ndani badala ya adapta. Bila kishusha umeme cha kati, ukiichomeka tu, utanunua moshi.

Kwa sasa macho ya wauzaji yako kwenye TR-8S. Iliingia sokoni mwaka 2018 kwa dola 699, na TR-1000 haikuja kuirithi. Imekaa juu yake kwa bei inayokaribia mara nne ya ile ya mwaka 2018. Chini ya pengo hilo Behringer inaendelea kuuza. Roland ama itatoa mrithi wa bei ya kati, ama itaiacha TR-8S izeeke ikiuzika kama SR-16. Mwenye duka atakayeagiza katoni ishirini leo anakisia lipi kati ya hayo mawili, na Roland haitamwambia.