Pete ya Platini: Ipimwe Kama Yanavyopimwa Mawe ya Kolwezi

Huko Musompo, nje kidogo ya Kolwezi, gunia la mawe haliuzwi kwa kutazamwa. Mchimbaji hushusha mzigo wake, mnunuzi huuweka kwenye mizani, kisha kipimo cha Metorex huelekezwa kwenye sampuli ili kisome teneur, yaani kiwango cha madini yaliyomo. Hapo ndipo mabishano ya bei yanapoanza. Kila mtu anajua kuwa kiwango kikisomwa pungufu, chakula cha nyumbani nacho kimepungua. Kwa hiyo inauma kumwona kijana huyohuyo, baada ya kujinyima miezi mingi, akinunua pete ya uchumba kwa sababu tu imeng'aa ndani ya kijisanduku chake. Haipimi, haulizi kiwango, hadai karatasi.

Mji unaoishi kwa madini haustahili kudanganywa kwa gramu chache za metali. Ujuzi ambao mkoa wa Lualaba unautumia machimboni kila siku ndio anaouhitaji mtu anapochagua pete ya platini. Tofauti ni moja: jiwe utaliuza na kulisahau, lakini pete itakaa kidoleni kwa miaka mingi, na kasoro yake itakaa nayo.

Platini ni metali nyeupe, nzito kupita karibu zote tuzijuazo. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 21.45, wakati dhahabu tupu ina gramu 19.3 na shaba 8.96. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,768 za Selsiasi, ilhali shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 na dhahabu 1,064. Haishiki kutu wala haigeuki rangi kwa jasho au sabuni. Hata asidi ya salfa, ambayo viwanda vya Lualaba huitumia kutoa shaba katika mawe, haiiwezi. Weupe huo ni wake mwenyewe, haukupakwa.

Lakini platini tupu ni laini mno kwa kazi ya pete, hivyo masonara huichanganya. Pete nyingi nzuri huwa na sehemu 950 za platini katika kila 1,000. Sehemu 50 zinazobaki huweza kuwa ruteni, iridi, shaba au kobalti. Kobalti hupendwa hasa kwa pete zinazomiminwa katika kalibu, kwa kuwa huisaidia platini iliyoyeyuka kuingia vizuri kwenye pembe ndogo za umbo na kutoka ikiwa imara. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa ya hiyo hutoka katika ukanda huu wa Kolwezi, Fungurume na vijiji vilivyo kati yake. Bibi harusi wa London au Tokyo aliyevaa pete ya mchanganyiko huo huenda amevaa chembe ya Lualaba bila kujua. Mwenyeji wa hapa anayo haki ya kujua, na kujivunia.

Udongo wenyewe wa Kolwezi una habari zake na metali za ukoo wa platini. Mwanzoni mwa karne ya 20, watafutaji wa kampuni ya Tanganyika Concessions walioongozwa na George Grey walifika Ruwe, mahali tunapopajua leo kwa jina la Mutoshi. Dhahabu ya hapo ilikutwa ikiwa pamoja na platini na paladi. Huko Musonoi, wanasayansi walitambua madini ya paladi ambayo hayakuwa yameelezwa popote kabla ya hapo. Mojawapo ni osterboshiti, iliyotangazwa mwaka 1970. Mbali kaskazini, katika eneo la Lubero huko Kivu, ilitambuliwa luberoiti, ambayo ni platini iliyoungana na seleni. Hata hivyo, platini inayofika katika maduka ya vito si ya Kongo. Nyingi huchimbwa katika miamba ya Bushveld, Afrika Kusini, ambako uchimbaji ulishika kasi baada ya uvumbuzi wa mwaka 1924 unaohusishwa na Hans Merensky. Nyingine hutoka Urusi, na nyingine Zimbabwe, kwenye mwamba mrefu uitwao Great Dyke. Baadhi ya malori yanayobeba shaba yetu kuelekea Durban hupita katika nchi hiyo ya Zimbabwe.

Kabla ya kwenda dukani, wawili wanapaswa kukubaliana pete ina nafasi gani katika ndoa yao. Eneo letu hili la Katanga lilikuwa na metali ya ndoa karne nyingi kabla ya platini kujulikana hapa. Misalaba ya shaba iliyofukuliwa katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, inaonyesha jinsi metali hiyo ilivyothaminiwa, na watafiti huihusisha na biashara na mahari pia. Heshima yake ilidumu hata misalaba mitatu ikawekwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Maana ya shaba hiyo katika ndoa ilikuwa ya ukoo: metali ilitoka mikononi mwa familia moja ikaingia mikononi mwa nyingine.

Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, bado inamtaka mume mtarajiwa na familia yake wakubaliane na wazazi wa mwanamke juu ya mahari. Uchumba inautambua kuwa ahadi isiyomlazimisha mtu kuoa au kuolewa. Pete si sharti. Kijana anayemaliza akiba yake yote kwenye pete, kisha akaenda ukweni mikono mitupu, amepanga mambo kinyume. Wakwe wakishaheshimiwa na gharama za sherehe ya kimila, ya serikali na ya kanisa zikishahesabiwa, kinachobaki ndicho cha pete. Kikiwa kidogo, pete nyembamba ya platini halisi ni bora kuliko pete nene ya metali isiyojulikana.

Sasa tuje kwenye kuipima. Tazama kwanza ndani ya pete kwa kioo cha kukuzia. Tafuta Pt950, au 950 ikifuatana na alama ya mtengenezaji. Uingereza imelazimisha platini kupigwa muhuri rasmi tangu 1975, kwa hiyo pete iliyoletwa kutoka huko inapaswa kuwa nao, isipokuwa ile nyepesi sana. Muhuri lakini ni maandishi tu, na maandishi huweza kupigwa na yeyote. Ndiyo maana mizani inahitajika.

Tumia mizani ndogo inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Pima pete ikiwa kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na utumbukize pete ikiwa imening'inia kwa uzi mwembamba, bila kugusa chini wala pembeni. Namba utakayoona ni uzito wa maji yaliyosukumwa na pete. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Pete ya gramu 8.2 inayosukuma gramu 0.4 za maji inakupa 20.5, na hiyo yalingana na platini ya 950, ambayo huwa kati ya 20 na 21 hivi. Fedha itakupa karibu 10, chuma kisichoshika kutu karibu 8, na dhahabu nyeupe ya karati 18 karibu 15 au 16. Pete yenye jiwe itashusha hesabu kidogo, kwa hiyo ipimwe kabla jiwe halijawekwa kama inawezekana.

Wengine hutumia sumaku, wakisema kitu kinachovutwa si platini. Ushauri huo humpotosha mtu wa Kolwezi kuliko mtu mwingine, kwani platini iliyochanganywa na kobalti huvutwa kidogo na sumaku na bado ni platini halali. Kipimo cha miale, kama kile cha Metorex, nacho husaidia, mradi kiwe kimepangwa kwa ajili ya metali za thamani; kile kilichopangwa kwa mawe ya kobalti kisiaminiwe kwa pete. Tena husoma sehemu ya juu tu, hivyo kiende sambamba na mizani ya maji.

Mtego mkubwa zaidi ni dhahabu nyeupe kuuzwa kwa jina la platini. Dhahabu nyeupe ni metali nzuri, lakini mara nyingi hupakwa rodi juu ili ing'ae. Rodi ikilika, umanjano huanza kujitokeza na pete hurudishwa kwa sonara kupakwa upya. Platini haihitaji hayo. Itapata mikwaruzo, tena mapema, ila metali yake husogea pembeni badala ya kuchubuka na kupotea, na uso wake hupata mng'ao hafifu wa kijivu ambao wengi huupenda.

Mikono itakayoivaa ina neno lake pia. Fundi wa mitambo, dereva wa lori la mgodi, mchimbaji na fundi umeme wasiingie kazini na pete yoyote, kwa kuwa ikinaswa na chuma kinachokwenda huweza kung'oa kidole. Waivue na kuiacha nyumbani. Muuguzi, mwalimu au mwenye duka anaweza kuivaa kutwa, na kwake jiwe lililozungushiwa ukingo wa metali litadumu salama kuliko lililoinuliwa juu ya vijino virefu. Vumbi la barabara zetu lina mchanga mgumu, na malakiti yetu ya kijani, ingawa ni fahari ya Lualaba, ni laini mno kwa pete ya kila siku. Ipendeze kwenye hereni. Mwenye ngozi inayowashwa na kobalti aombe mchanganyiko wa ruteni. Vidole vipimwe jioni, siku ya joto la kawaida, kwa sababu kuipanua au kuibana platini kunahitaji moto mkali na fundi aliyeizoea, na huenda fundi huyo akapatikana mbali na Kolwezi.

Bei isikutishe wala isikulaghai. Tangu 2015, kwa kawaida wakia ya platini imekuwa rahisi kuliko ya dhahabu. Wakia hiyo ina gramu 31.1. Gawanya bei ya siku kwa namba hiyo, zidisha kwa gramu za pete na kwa 0.95, nawe utajua thamani ya metali. Kinachozidi ni ufundi, jiwe, ushuru na faida, na muuzaji aweze kukueleza kila kimoja. Usistaajabu pete ikigharimu zaidi ya ulivyotarajia: platini ni nzito, hivyo umbo lilelile hula gramu nyingi zaidi. Nasi tunazijua bei zinazobadilika. Tumeona kobalti ikishuka mpaka serikali ikasimamisha kuiuza nje Februari 2025, kisha ikaweka viwango vya mgawo mwezi Oktoba.

Uliza pia metali imetoka wapi. Tarehe 16 Agosti 2012, polisi waliwaua wachimbaji 34 wa platini waliokuwa kwenye mgomo huko Marikana, Afrika Kusini. Mwezi Juni 2019, zaidi ya watu 40 walifukiwa na udongo kwenye shimo la mgodi liitwalo KOV, hapahapa Kolwezi. Watu waliozika ndugu zao kwa sababu ya madini hawawezi kusema kuwa asili ya pete haiwahusu. Muuzaji anayejua mgodi, au anayeuza platini iliyoyeyushwa upya kutoka vito vya zamani, apewe nafasi ya kwanza.

Nendeni dukani wawili, kwa sababu mvaaji ndiye anayejua kidole chake na kazi yake. Kabla ya kulipa, mkononi muwe na karatasi iliyoandikwa kiwango, uzito wa gramu, metali iliyochanganywa na sharti la kurekebisha ukubwa. Muuzaji akikataa kuyaandika, rudini na fedha yenu nyumbani, mtafute mwingine. Ndoa haivunjiki kwa pete kuchelewa.