Mgeni wa Siku Mbili Nyumbani Kwako: Sheria Inataka Nini?

Kila Desemba, treni inaposhusha abiria Miritini, si wote wanaoelekea hotelini. Wengi wameshakodi nyumba Nyali, Bamburi, Shanzu au Mji wa Kale kwa simu, na mwenyeji wao amewatumia maelezo ya lango na funguo kabla hawajafika. Mtaani biashara hii huitwa Airbnb, hata pale mteja amepatikana kwa WhatsApp na hajawahi kufungua tovuti hiyo. Imelisha familia nyingi za Mombasa. Hata hivyo, swali ambalo wenyeji hawaachi kuuliza ni lile lile: nyumba ni yangu, leseni ni ya nini?

Jibu limo katika Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Sheria hiyo inakataza mtu kuendesha biashara ya utalii iliyotajwa katika orodha yake bila leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii (TRA). Orodha hiyo haikomei kwenye hoteli kubwa za ufuoni. Ndani yake mna pia nyumba za wageni, vila na makazi ya kawaida yanayopokea wageni. Kinachotazamwa ni kazi inayofanywa na nyumba, wala si idadi ya vyumba. Mpangaji wa mwaka mzima ni mpangaji. Mtu anayelipa kwa usiku na kuondoka Jumapili ni mgeni wa utalii, hata akiwa ametoka Voi.

Kwa miaka mingi kifungu hicho hakikuwagusa sana wenye nyumba za kawaida. Mambo yalibadilika Januari 2024, wanawake wawili walipouawa jijini Nairobi katika nyumba za kukodi za aina hii, vifo hivyo vikifuatana kwa muda usiozidi wiki mbili. Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na katika miji mingine kulaani mauaji ya wanawake. Wizara ya Utalii nayo iliagiza nyumba zote za kukodisha kwa muda mfupi zisajiliwe na TRA. Ni vyema wenyeji wakumbuke chanzo hicho kabla ya kuichukulia leseni kuwa njia nyingine tu ya kuwatoa pesa. Hotelini mgeni huandikishwa mapokezi, na kuna mlinzi anayemwona akiingia na kutoka. Kwenye fleti anaweza kupewa namba ya kufuli kwa simu, alipiwe na mtu mwingine, aje na watu ambao mwenyeji hajawahi kuwaona, na likitokea la kutokea pasiwe na jina hata moja la kuanzia.

Leseni ya TRA haiondoi kibali cha biashara cha kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti leseni za biashara, utalii wa mashinani, mipango ya ujenzi na huduma za zimamoto. Ndiyo sababu afisa wa kaunti anaweza kuuliza kibali, na mwenzake akauliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi na mgeni atatokea njia gani moto ukizuka jikoni. Ada za kaunti huwekwa katika Sheria ya Fedha inayopitishwa na Bunge la Kaunti, na zinaweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Usimlipe mtu pesa mkononi mlangoni kwa makisio. Uliza katika afisi ya kaunti ndogo yako, lipa kwa njia rasmi na uweke risiti. Wenye nyumba Mtwapa nao wakumbuke kwamba wako Kaunti ya Kilifi: kibali cha Mombasa hakivuki daraja.

Wanaobanwa zaidi si wenye majumba. Ni vijana waliokodi fleti tupu, wakakopa kununua kitanda, makochi na televisheni, kisha wakaanza kupokea wageni. Hapa kuna jambo ambalo kibali cha serikali hakiwezi kulitatua, nalo ni mkataba wa upangaji. Ikiwa mkataba unakataza kumpangisha mtu mwingine, mwenye nyumba ana haki ya kuchukua hatua hata ukiwa na vyeti vyote ukutani. Katika majengo ambayo kila fleti ina hati yake, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inaruhusu wamiliki kujiwekea kanuni za pamoja, na majirani waliochoshwa na muziki wa saa nane za usiku wanajua kuzitumia. Aidha, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, jengo la makazi likigeuzwa kabisa kuwa la biashara huhitaji idhini ya kaunti ya kubadilisha matumizi. Mji wa Kale una masharti zaidi, kwa kuwa ni eneo la hifadhi; asiyetaka matatizo asing'oe mlango wa nakshi wala asitoboe ukuta kuongeza choo cha wageni kabla ya kuwaona wahusika wa hifadhi.

Na pesa je? Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenyeji anatoza shilingi 3,500 kwa usiku na anapata wageni siku 12 kwa mwezi. Hiyo ni 42,000. Kodi ya nyumba inachukua 25,000, usafishaji wa mara sita kwa 500 ni 3,000, na stima, maji na intaneti 6,000. Anabaki na 8,000. Tozo ya utalii ni asilimia 2, na hukokotolewa kwenye mapato ghafi, si kwenye faida. Nyumba hiyo ikitozwa, ni shilingi 840, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kile kilichobaki mfukoni. Kibali na leseni za mwaka zitatoka katika hizo hizo zilizosalia, na mvua za Aprili na Mei zikifika, siku 12 zinaweza kuwa nne. Kwa hivyo lalamiko la wenyeji wadogo kwamba mwenye chumba kimoja Tudor hafai kubebeshwa mzigo wa mwenye fleti kumi na mbili Nyali lina uzito.

Kuhusu ushuru, kosa la kawaida ni kudhani kwamba ile asilimia 7.5 inayotozwa kodi za nyumba za makazi inamaliza kila kitu. Hiyo iliwekwa kwa ajili ya nyumba za wapangaji wa kawaida. Sheria ya VAT inasamehe upangishaji wa makazi, lakini inasema wazi kwamba hoteli na malazi ya likizo hayamo katika msamaha huo. Wenyeji wengi hawatafikia shilingi milioni 5 kwa mwaka, kiwango kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa VAT, lakini mapato yao bado yanapaswa kutangazwa. Ni heri kuuliza katika afisi ya Mamlaka ya Ushuru (KRA) mapema kuliko kuulizwa.

Kuandikisha wageni nako kuna mipaka yake. Ukishachukua nakala ya kitambulisho au pasipoti ya mtu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuwajibisha kuitunza. Isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wenyeji wenzako, hata kama mgeni ameondoka na taulo. Kamera ya langoni inakubalika iwapo mgeni ameambiwa ipo. Kamera ya chumbani au bafuni haina utetezi.

Kwa anayeanza sasa, aanze na mwenye nyumba au chama cha wamiliki, akipata idhini ya maandishi aende kaunti, kisha TRA, na samani zinunuliwe mwisho. Kwa ambaye tayari anapokea wageni na anaona ada ni kubwa mno kwa chumba kimoja, Mswada wa Fedha wa Kaunti hupelekwa kwa wananchi kutoa maoni kabla ya kupitishwa. Maoni ya maandishi hupokewa pia, na hesabu kama ile ya hapo juu, ikiwa na tarakimu za nyumba yako mwenyewe, inatosha kuwa waraka wa kuwasilisha.