Soya mbichi iliwadumaza kuku wa jirani

MAMA mmoja tunayepakana naye ploti alinunua vifaranga 100 wa kuku wa nyama, akitarajia kuwauza baada ya wiki sita ili apate karo ya muhula. Omena ilipopanda bei, rafiki yake alimshauri achanganye unga wa mahindi na soya. Akaipeleka soya yake kwenye kinu, ikasagwa, kuku wakala. Wiki ya nne ilipotimia, walikuwa wangali kama wa wiki mbili, na chakula kinaisha vile vile!

Shauri lenyewe halikuwa baya. Kosa ni kwamba soya ile ilisagwa mbichi.

Kifaranga wa nyama anahitaji chakula chenye protini asilimia 22 hivi katika wiki za kwanza. Mahindi hayafikishi hata asilimia 10. Soya ina kama 36, lakini ikiwa mbichi ina kemikali inayolizuia tumbo la kuku kusaga protini hiyo. Ndege hula akashiba, lakini hanenepi. Dawa yake ni moto. Soya ikaangwe kwenye karai, ikikorogwa bila kupumzika mpaka inukie na rangi yake ianze kubadilika, ndipo isagwe. Ole wake atakayeiunguza, kwa maana protini nayo itaharibika.

Je, kwa nini mfugaji asibaki na omena wake? Uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria huwa unafungwa Aprili hadi Julai. Isitoshe, omena ni kitoweo chetu sisi wenyewe, na yule anayeuziwa kuku mara nyingi amejaa mchanga.

Mashudu ya alizeti hayahitaji kukaangwa. Hata hivyo, yana makapi mengi na upungufu wa lisini, kwa hivyo vifaranga wachanga wasipewe mengi. Mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli. Mimi singeyagusa bila ushauri wa mtaalamu. Soya nayo ina upungufu wa methionini, ambayo omena ilikuwa ikiileta. Hiyo hununuliwa kwenye maduka ya chakula cha mifugo, na kiasi kidogo sana hutosha.

Jirani yangu aliwauza kuku wake kwa hasara, karo akailipa kwa mkopo wa chama. Sasa ana vifaranga wengine 50. Kila Jumamosi yeye hukaanga soya uani, na watoto wa ploti nzima humzunguka wakidhani ni njugu.